Foko la Baiskeli ya Mikate

Mwizi aliyeingia uani mwa kituo cha polisi aliacha tandiko jipya, akaacha mnyororo, akaacha na gurudumu la nyuma lililokuwa zima kabisa. Alichobeba ni foko, ule uma wa chuma unaoshika gurudumu la mbele. Tena foko lenyewe lilikuwa limepinda na kukatika. Hata mnunuzi wa vyuma chakavu angelipokea kwa kununa.

"Mwizi gani huyu?" konstebo aliuliza. "Anaacha nyama, anabeba mfupa."

"Anayeutaka mfupa," Inspekta alijibu, akachuchumaa kando ya baiskeli. Kituoni walimwita Kobe kwa jinsi alivyokwenda polepole, naye hakuona tusi.

Baiskeli ilikuwa ya mjane mmoja muuza mikate. Gari dogo lilikuwa limekutana naye kwenye mzunguko wa barabara. Mguu ukavunjika, mikate ikasagwa na matairi. Dereva alishikilia kwamba hakumgonga mtu. Foko lilikatika lenyewe, alisema, mwanamke akaanguka mbele ya gari. Siku hiyo hiyo wizi ulipogunduliwa, mthamini wa bima alitazamiwa kuja kukagua. Foko likionyesha limegongwa, bima ya dereva ingemlipa mjane baiskeli nyingine ya mizigo, naye angerudi kazini mguu ukipona. Likionyesha limekatika lenyewe, angeambulia pole. Sasa halikuwapo la kuonyesha chochote.

Inspekta alianza na mwenye kufaidika. Dereva alikuwa muuza mapazia, mtu wa shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikakata.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hospitali. Presha ilipanda. Waulize wauguzi."

"Foko likipotea, unapona."

"Inspekta, mimi ndiye niliyetaka likaguliwe. Nililiona kwa macho yangu pale barabarani. Lina kovu la kuchomelea, kama sufuria la maskini. Chuma cha namna hiyo kinangoja kugongwa?"

Inspekta aliacha kuandika. Habari ya kuchomelewa alikuwa haijui. Wauguzi walipoulizwa, walisema muuza mapazia alilala kwao usiku kucha, na kwamba alilalamikia mashuka.

Alirudi uani kuiangalia baiskeli upya. Mtaalamu wa alama za vidole hakuwa amepata kitu ila grisi. Lakini nati zote zilikuwa zimerudishwa mahali pake na kukazwa kwa mkono. Kwenye fremu palikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Inspekta alikifungua akakuta gololi za shingo ya baiskeli, zote, zimepakwa grisi mpya zisipate kutu. Mwizi ana haraka. Gololi humwagika, naye huondoka. Huyu mkono wake ulikataa kuziacha mchangani.

Akamwita askari wa getini.

"Nani aliingia jana jioni?"

"Hakuna mtu, afande."

"Hakuna kabisa?"

"Labda yule mzee, baba yake mwenye baiskeli. Alisema anaifuta vumbi isije ikakaguliwa ikiwa chafu. Mzee wa heshima zake, afande. Alipokuwa anatoka alinitengenezea na breki ya baiskeli yangu."

"Alibeba nini?"

"Mfuko wa spana."

"Ulikuwa mrefu?"

Askari aliitazama breki yake. "Ulikuwa mrefu kidogo."

Inspekta hakufurahi. Kuna kesi ambazo mtu anaomba moyoni aliyemshuku awe mwingine, na hii ilikuwa mojawapo.

Karakana ya mzee ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba aliyoishi na binti yake. Mzee alikuwa ameinamia gurudumu la mteja, akikaza spoki moja moja. Nyuma yake kulikuwa na jiko la mkaa lenye mvukuto, la kufulia vyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Baiskeli ina shida?"

"Ina shida. Haina foko."

Mzee aliendelea na spoki.

"Gololi umezifunga vizuri sana," Inspekta alisema.

"Zikiingia mchanga zinakula..." Mzee aliishia hapo. Spana ilimponyoka, wala hakuiokota.

"Nieleze, baba."

"Niliunda ile baiskeli mwenyewe, mumewe alipofariki. Mwaka jana foko likapata ufa. Binti akataka jipya. Nikamwambia la nini, na baba yako yupo? Nikalichomelea. Sasa dereva aliposema limekatika lenyewe, nikajua ni pale. Nimechomea vyuma tangu sijaota ndevu, mwanangu, lakini macho haya si yale. Mthamini angekuja, angeweka kidole pale pale. Mwanangu angejua aliyemvunja mguu ni mimi."

"Liko wapi?"

Mzee alivuta ndoo kutoka chini ya meza. Ndani mlikuwa na vipande vyeusi. Alikuwa amelikata kwa msumeno, akavitia motoni avifue viwe patasi. Rangi ya gari, kama iliwahi kuwapo, ilikuwa imeungua yote.

"Kabla ya kukata, uliangalia lilipokatikia?"

"Sikuangalia. Nililifunika gunia, nikakata tu. Ningeangaliaje?"

Inspekta alivipekua kimoja kimoja, akatoa kipande chenye kovu la kuchomelea. Lilikuwa limetuna, baya kwa sura, lakini zima. Chuma hakikuachia hapo. Kilikuwa kimechanika chini zaidi, karibu na mahali kilipobonyea kwa upande mmoja, usawa wa bampa la gari.

Mzee alikipokea, akapitisha kidole gumba juu ya kovu. Akapitisha tena.

"Limeshika," alisema. Kisha akaketi sakafuni kwenye vumbi la chuma.

Mthamini wa bima aliitwa, akaja na mkoba wake, akaviangalia vipande kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Inspekta zaidi.

"Hiki kimekatwa na kuchomwa na baba wa mdai," alisema. "Nikiandika kiligongwa, nitaulizwa nimejuaje kwamba hakikubonyezwa kwa nyundo humu humu."

"Lakini wewe unaona kiligongwa."

"Naona. Ofisini hawalipi kwa ninachoona, Inspekta. Wanalipa kwa ninachoweza kukithibitisha." Akafunga mkoba, akampa mzee pole, akaenda zake.

Binti alikuwa amesikia sauti. Alitokea mlangoni kwa magongo, mguu wa plasta ukining'inia.

"Afande, kazi ya baba ilikatika?"

Mzee alimtazama Inspekta, na macho yake yalikuwa yanaomba. Inspekta alimwelewa. Alitaka ajibu ndiyo: kama foko lilikatika kwenye kovu, binti hakuwa na fidia ya kupoteza. Angepoteza baba wa kumwamini, basi, na mzee alikuwa tayari kwa hilo. Inspekta alitamani sana kudanganya. Lakini ripoti ingesomwa mahakamani, na binti angekuwapo.

"Haikukatika," alisema. "Imeshika."

"Nilijua." Binti alimgeukia baba yake. "Mimi ndiye niliyekuwa juu yake, baba. Gari lilinipiga kwanza. Nilikwambia hospitalini, nikakwambia na hapa nyumbani."

"Uliniambia."

"Kwa nini hukuniamini?"

"Nilidhani unanistiri."

Binti aliegemea kizingiti. Hakulia, alionekana mtu aliyechoka uchovu usiotibika kwa usingizi.

"Afande, mimi ndiye mlalamikaji. Naifuta kesi."

"Ile ya gari unaweza. Hii ya wizi huwezi. Foko lilikuwa kielelezo, na kielelezo kikishaingia kituoni ni mali ya polisi."

"Kumbe." Alilitafakari neno hilo. "Lilipokuwa la kudaiwa fidia, lilikuwa langu, nikaambiwa nithibitishe. Lilipoibwa, limekuwa lenu."

 Inspekta aliandika maelezo ya mzee, akamsomea, mzee akatia sahihi. Pingu alizibakiza mfukoni. Mzee alinawa grisi mikononi kwa taratibu, akavaa koti, akaingia garini bila kushikwa.

"Nitakuja kukuona," binti alisema.

"Usije. Ni mbali."

Gari liliondoka. Binti alibaki amesimama barabarani kwa mguu mmoja, kituo kikiwa ng'ambo ya mji, naye hakuwa na kitu cha kumfikisha huko.