Beseni la Daktari Miguu

Nilikwenda kumchukua mama tu. Giza lilikuwa linaanza kuingia, na mama alikuwa ametoroka tena nyumbani kwenda kwa yule tunayemwita Daktari Miguu. Udaktari wenyewe kajipa. Ana chumba kimoja nyuma ya saluni, viti viwili vya plastiki, pazia, na beseni lenye kidude cha umeme. Unatumbukiza miguu kwenye maji ya chumvi, anawasha, maji yanageuka kahawia, anakwambia hiyo ndiyo sumu inayotoka mwilini.

Dada yangu alimwamini. Alikuwa na kisukari, na hospitali walishamkata kidole gumba cha mguu wa kulia. Daktari Miguu akamwonyesha maji machafu, akamuuliza sindano za nini tena, wakati ugonjwa huo hapo anauona. Dada akaacha sindano. Haikuchukua muda tukamzika.

Halafu juzi nikakuta vidonge vya presha vya mama kwenye ndoo ya taka. Kammaliza mmoja, sasa anamtaka na wa pili?

Niliingia bila hodi. Mama alikuwa ameketi, miguu majini, kafumba macho. Nikaufuata waya hadi ukutani, nikauchomoa, nikabaki nimeushika mkononi.

Kidude hakikuzima.

Mmmm... mmmm...

Daktari Miguu hakuwa ameniona. Alikuwa ameinamia beseni, anakuna kichwa. Maji ya mama yalikuwa safi, unaona mpaka kucha. Akaongeza chumvi. Wapi. Akacheka kwa aibu, akamwambia mama labda mashine imechoka, ngoja aijaribu mwenyewe. Akamtoa mama miguu, akaiweka kwenye taulo, kisha akavua viatu na kutumbukiza yake.

Maji yakageuka papo hapo. Kahawia.

Halafu mekundu.

Harufu ikajaa chumbani... kutu, na ndani ya kutu, dawa ya kidonda. Ile ile niliyokuwa nikimpaka dada kila asubuhi.

Nikatazama sakafu. Nyayo za maji zilitoka kwenye pazia hadi kwenye beseni. Hazikuwa zangu, mimi nilivaa viatu. Na unyayo wa mguu wa kulia haukuwa na kidole gumba.

Daktari Miguu akageuka, akaniona. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Chomoa," akanong'ona. "Tafadhali, chomoa. Kuna mtu kanishika miguu."

Nikainua waya auone.

"Nilishachomoa."

Akaanza kulia. Nikamwambia amweleze mama ukweli. Akaeleza, sauti inakatika: kwamba ni chuma cha kile kidude kinachopata kutu, kwamba hata usipotia mguu maji yatachafuka tu. Na kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Mama alimsikiliza bila kupepesa macho.

Ningeweza kumwonea huruma. Sikumwonea. Kidole gumba chake cha kulia, kilichochomoza juu ya maji, kilikuwa kinaanza kuwa cheusi, na mimi nilitaka kiendelee.

Mama ndiye aliyeinua mkono. Hakunitazama mimi, wala hakumtazama Daktari Miguu. Alitazama hewani, juu kidogo ya beseni, pale ambapo ungekuwa uso wa mtu aliyechuchumaa.

"Basi, mwanangu. Inatosha."

Mvumo ukakatika.

Siku hizi mama anameza vidonge vyake bila kusukumwa. Habari za jioni ile hataki kuzisikia. Daktari Miguu alihama bila kuaga mtu, akaacha kila kitu. Beseni nililichukua mimi.

Jana shoga yangu kanisimulia kuna mgeni upande wa pili wa mji, anawatoa watu sumu kwa miguu. Anachechemea, na soksi havui hata jua liwake vipi.

Nimelijaza beseni maji. Nimetia chumvi. Waya nilishautupa.

Linavuma.

Mama ndiye aliyesema inatosha. Mimi sijasema.