Sponji ya Mto wa Nanyama

Giza lilikuwa linaanza kuingia, na akina mama wa samaki wa kukaanga walikuwa wamewasha taa zao, Shivachi alipotoka nyumbani kwake Kianda na kipande cha sponji mfukoni. Alikuwa anaenda mazoezini Kawangware na alipiga mluzi njia nzima.

Sponji yenyewe haikuwa kitu cha kutazamwa mara mbili. Urefu wa kidole, unene wa kipande cha mkate, rangi ya manjano iliyochoka. Nanyama, mkewe, ndiye aliyeikata kutoka kwenye mto wake wa kulalia, kwa kisu cha kukatia mboga za sukuma, huku akicheka kile kicheko chake kilichojulikana ploti nzima. Nanyama akicheka, hata wapangaji wa ng'ambo ya mtaro walijua kuna stori imeingia.

Aliyeiomba ni Boaz.

Na Boaz hakuwa mtu wa kupita njia. Yeye na Shivachi walitoka kijiji kimoja, wakalala chumba kimoja walipoingia Nairobi, wakaunda bendi moja. Boaz gita la solo, Shivachi besi. Siku ya arusi ya Shivachi, Boaz ndiye aliyesimama kando yake. Marafiki wa kufa kuzikana, ndivyo watu walivyosema, na Shivachi aliamini kila neno.

Bendi yao ilipiga nyimbo za zamani katika klabu ya Gichuru, mwenye ploti kadhaa upande wa Riruta. Gichuru alikuwa na lalamiko moja tu.

"Besi yenu inalia sana," alisema. "Mimi nataka ile tulikuwa tunadance tukiwa vijana. Inagonga, inanyamaza. Du! Kisha kimya."

Shivachi alijaribu yote aliyoyajua. Aliacha nyuzi kuukuu bila kuzibadilisha mpaka zikapoteza mlio. Aliweka vidole kando akapiga kwa kidole gumba, chini. Alilaza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi ili azikabe kidogo. Ikakaribia, lakini haikufika. Boaz akamwambia kuna ujanja wa wazee: unasokomeza sponji chini ya nyuzi, kule nyuma zinakofungiwa, noti ikitoka tu inakabwa. Wakanunua kipande kipya kwa fundi wa magodoro. Bado.

"Hii haijalaliwa," Boaz akasema, akiitupa. "Inataka ile imelaliwa na mtu."

Shivachi alidhani ni mzaha wa wanamuziki.

Kesho yake Boaz akafika Kianda, akakaribishwa ugali na mrenda kama kawaida, akala akashiba, kisha akamgeukia Nanyama.

"Shem, ile mto yako ya zamani, si unikatie kipande?"

"Beba yote, uniletee mpya!"

"Zii, kipande tu. Lakini ukate wewe mwenyewe, na unipe na roho safi."

"Roho yangu huwa safi, ni yenu ndio sijui," Nanyama akajibu, akacheka, akakata. Boaz akampa Shivachi abebe. Hakuna aliyeuliza kwa nini Boaz hakutaka kuishika kwa muda mrefu.

Jioni hiyo Shivachi akaisokomeza chini ya nyuzi za gita la besi ambalo Boaz alikuwa amemwazima, gita kuukuu ambalo Boaz alilinunua kwa Mzee Nyamai, mpigaji wa zamani, akagonga noti ya kwanza.

Du.

Fupi. Nzito. Ikakatika pale pale. Eugene, mpiga ngoma, aliacha vijiti vikiwa hewani, na Gichuru akatoka nyuma ya kaunta bila kujijua akaanza kucheza peke yake. Kwenye ile noti Shivachi alisikia kitu kingine. Harufu... ya mafuta ya nywele ya Nanyama. Akajisemea imetoka mfukoni mwake.

*

Kicheko ndicho kilichoanza kupotea. Nanyama angeanza kucheka, kisha kicheko kikatike kati, kama mtu aliyezibwa mdomo. Baadaye maneno. Baadaye pumzi yenyewe. Kliniki walimpa dawa ya kunywa na pampu ya kuvuta, wakampiga picha ya kifua, wakasema kifua ni safi kabisa. Shivachi alikuwa na mke mmoja na hakuwa na mpango wa kuishi bila yeye. Alikuwa anamwona akiisha mbele ya macho yake.

Boaz alikuja na machungwa. Boaz aliomba maombi marefu kuliko ya mchungaji. Na mkewe Valerie, ambaye mwaka mzima alikuwa amelazwa na pumzi kama hizo hizo na alikuwa amepona hivi majuzi tu, alikuja kila asubuhi kumfulia Nanyama nguo na kumpikia uji.

"Mimi pia walikuwa wamenikatia tamaa," Valerie alimwambia, akimpangusa jasho. "Na uniangalie sasa. Utapona, dada."

Jumamosi, Boaz akampigia Shivachi simu. "Leo kaa na shem. Besi nitashika mimi."

Shivachi nusura alie. Rafiki ni huyu, akawaza, na wengine ni majirani tu.

Taa za barabarani zilikuwa zinawaka. Nanyama alikuwa kitandani, ameegemea ukuta, mumewe akimkanda mgongo. Alikuwa anapumua vizuri kidogo. Kisha pumzi ikakatika.

Hh. Hh... hh.

Hh. Hh... hh.

Macho yakamtoka. Akamshika Shivachi mkono, kucha zikazama. Shivachi akaendelea kumkanda, na bila kufikiria mguu wake ukaanza kugonga sakafu, maana mguu wa mwanamuziki hauna adabu hata kwenye msiba. Ukagonga, ukagonga, ukaruka, ukagonga.

Mguu ukasimama.

Ule mpigo aliujua. Mbili fupi, ruka, moja. Ni mpigo wa besi wa wimbo wao wa kufungulia, na aliyeutunga ni yeye mwenyewe.

Mkewe alikuwa anapumua wimbo wake.

Hakutaka kuamini. Lakini wimbo huo aliujua hadi ndani, na alijua kwamba baada ya kiitikio besi hunyamaza kidogo ili gita la solo lipite peke yake. Akamwinamia mkewe sikioni.

"Ngoja," akanong'ona. "Ngoja... ngoja... sasa. Vuta!"

Nanyama akavuta pumzi, ndefu, kamili, kifua kikajaa.

"Umejuaje?" akauliza.

Kiitikio kilikuwa kimerudi. Hh. Hh... hh.

Akampigia Boaz. Simu ikaita ikakatika. Akampigia Gichuru, na Gichuru aliposhika, kelele za klabu zikajaa chumbani, na chini ya kelele, besi. Du. Du... du. Kwenye simu na kitandani, kwa wakati mmoja.

"Gichuru, mwambie Boaz asimame! Aweke besi chini!"

"Asimame aje na watu wamejaa floor? Na leo inagonga kukushinda hata wewe!"

Wimbo wa pili kwenye orodha yao hauna pumziko hata moja. Besi inaingia mwanzo na kutoka mwisho. Shivachi akagonga ukuta wa Kavetsa, jirani yao, akamwacha akimshika Nanyama mabega, akakimbilia boda na viatu havijafungwa.

*

Alifika Kawangware wimbo wa pili umeshaanza. Hakusalimu mtu. Alipasua katikati ya wachezaji, akapanda jukwaani, akabandika kiganja chote juu ya nyuzi za besi mikononi mwa Boaz.

Kimya.

Watu wakaguna. Shivachi, mkono mmoja kwenye nyuzi, akampigia Kavetsa kwa mkono mwingine.

"Amepumua!" Kavetsa akalia. "Saa hii tu. Midomo ilikuwa imekuwa ya bluu. Asante Yesu, amepumua!"

Boaz aliyasikia yote. Hakushangaa, na kutoshangaa kwake ndiko kulikomchoma Shivachi kuliko kitu chochote kabla ya hapo.

"Twende nyuma," Boaz akanong'ona.

Stoo ilikuwa na makreti na harufu ya bia iliyomwagika. Boaz aliweka besi juu ya kreti kwa uangalifu, kama anayelaza mtoto. Kwenye mfuko wa kulibebea gita kulikuwa na vipande vingine vya sponji. Kimoja kilikuwa na kitambaa cha maua kilichobaki pembeni, na Shivachi alikijua kitambaa hicho. Kilikuwa cha foronya za Valerie. Vingine vilikuwa vyeusi kwa uzee, vingi.

"Hii gita Nyamai aliniuzia akiwa anaishi peke yake," Boaz akasema chini chini. "Nikadhani ni mzee tu hana watu. Akaniambia inataka sponji iliyolaliwa na mtu anakupenda, akupee mwenyewe. Nikaomba Vale. Sikujua, bro. Naapa sikujua."

"Na ya Nanyama?"

Boaz akaanza kuufunga ule mfuko.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Neno moja. Shivachi akashika rafu. Aliikumbuka meza yake, na sahani aliyomwongezea huyu mtu mara ya pili bila kuombwa. Machungwa. Yale maombi marefu, macho yamefumbwa, mkono juu ya kichwa cha mke wake. Alitamani angepigwa kisu na mtu asiyemjua.

"Kwa nini sisi?"

"Nilijaribu ya duka. Nilijaribu ya mto yangu. Inakataa. Nani mwingine ananipenda, Shivachi? Mama alishaenda. Nilikuwa na Vale, na nyinyi."

"Basi tunalichoma. Saa hii."

"Nyamai alikata nyuzi zote siku moja akitaka kuacha. Ulidhani ni kwa nini alikuwa anaishi peke yake?"

Nje, Gichuru alikuwa anaita.

"Na nikiitoa tu hiyo sponji?"

"Inarudi kwa Vale. Hata gita lisipopigwa siku mbili, anaanza kukohoa. Ndio maana leo..." Boaz akapiga magoti kwenye sakafu yenye bia. "Nipee mpaka kesho. Kesho tu. Nitatafuta mtu mwingine, si Nanyama, si Vale. Mtu hatumjui."

"Mtu anayekupenda na hatumjui?"



Shivachi alisimama juu ya lile gita. Alimfikiria Valerie akiinama kwenye karai asubuhi, mikono imejaa povu, akiimba. Valerie hakuwa amemkosea mtu. Kisha akaisikia tena ile pumzi ya kitandani, hh, hh, na kucha za mkewe mkononi mwake. Hakuwaza zaidi.

Akaingiza vidole chini ya nyuzi, akavuta.

Sponji ilikuwa na joto. Ilikuwa na unyevu pia, kama imetoka kupumuliwa, na stoo nzima ikanuka mafuta ya nywele. Boaz hakumzuia. Alifunika uso wake kwa mikono miwili na kubaki hivyo.

Shivachi alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia nyuma yake noti moja, nzito, iliyokatika pale pale. Akageuka: Boaz alikuwa bado amefunika uso.

Shivachi hakugeuka mara ya pili.

*

Alirudi na sponji ameifunga kwa leso. Kabla hajafika kwenye ngazi alisikia kicheko. Kile chenyewe, kirefu, cha kuamsha ng'ambo ya mtaro. Nanyama alikuwa ameketi kitandani na sahani ya viazi, akiongea kwa niaba ya siku zote alizonyamaza, na Kavetsa alikuwa anamtukuza Mungu kwa sauti inayozidi ya kanisani.

"Imetoka tu!" Nanyama akamwambia, akimshika uso. "Nilikuwa nimekaa, nikasikia kama mtu ametoa mkono kwa shingo. Uliendea dawa wapi?"

"Nilipitia mahali," Shivachi akasema.

Alimkumbatia, akasikia kifua kikipanda na kushuka bila kukwama. Furaha ilimjaa. Alitaka kumwambia habari za Boaz, yote, mpaka lile neno moja la stoo. Lakini angeanza na Boaz na angelazimika kumalizia na mkono wake mwenyewe chini ya nyuzi.

"Boaz ako sawa?" Nanyama akauliza. "Aliweza besi?"

"Ako sawa."

"Na Vale?"

"Wako sawa wote."

Nanyama akatabasamu, akapapasa blanketi kutafuta simu yake. "Basi wa kwanza kuambiwa ni yeye. Huyo dada amenioshea hadi soksi."

"Ngoja kesho," Shivachi akasema haraka. "Saa hii amechoka."

"Achoke aje, na ni habari njema?"

Akabonyeza, akaweka spika ili wote wasikie. Simu ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Vale! Vale, dada, nimepona! Unasikia nikiongea?"

Hakuna neno lililorudi. Kilichorudi kilikuwa kifupi, kikavu, kinakatika na kuanza tena. Kavetsa akaacha kumtukuza Mungu.

"Vale? Mbona huongei? Uko na nani hapo? Vale!"

Nanyama akasikiliza. Yeye hakuhitaji kuambiwa ile ni sauti gani, alikuwa amelala nayo muda wote huo. Akaishusha simu polepole mapajani, bado inapumua, akamgeukia mumewe.

"Umeniambia wako sawa," akasema.