Digrii Nne

Rangi ile haikupasuka, na mpaka leo Masudi hajapata mtu wa kumweleza kwa nini.

Alikuwa ameikaza distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwenye injini, mpaka spana ikalia, kisha akapaka mstari mweupe uliovuka kutoka kwenye distributa hadi kwenye injini, ili mtu yeyote akiigusa, mstari ukatike. Asubuhi distributa ilikuwa imezunguka. Mstari ulikuwa mzima, mkavu, umenyooka kama ulivyopakwa. Alipopima, cheche zilikuwa zimerudi nyuma digrii nne. Si tatu, si tano. Hiyo ilikuwa mara ya sita.

Gari lenyewe lilikuwa la mwaka sabini na nne, mali ya marehemu mume wa Paskazia. Joshua, mtoto wao wa pekee, alilifufua hapo hapo kwenye gereji ya Masudi, Kizota, akalifunga turbo kwa vyuma alivyookota huku na huko. Miezi minane iliyopita, akilipita lori kwenye barabara ya Chemba, pistoni ya tatu ilitoboka, injini ikazima, na lori jingine lilikuwa linakuja. Bodi ilinyooshwa. Injini ikajengwa upya. Joshua alizikwa kwao.

“Nataka kulisikia tu likiunguruma,” mama yake alikuwa amemwambia Masudi. Paskazia alikuwa karani kwenye ofisi moja kule Mtumba, mtu wa maneno machache. “Halafu nitaliendesha mwenyewe mpaka pale alipoanguka, nirudi nalo nyumbani.”

Mafundi wa Dodoma wana desturi yao. Hewa ya huku juu ni nyepesi, kwa hiyo gari lililotoka pwani huwahishwa cheche digrii nne, lipate nguvu. Masudi alifundishwa hivyo, na mkono wake umefanya hivyo miaka ishirini. Ndivyo alivyolifunga na gari la Joshua. Lakini turbo huishindilia hewa, na hewa nyepesi huwa si nyepesi tena. Cheche ikiwahi, moto hulipuka pistoni ikiwa bado inapanda, na kuitoboa. Alilielewa jambo hilo siku aliyoishika ile pistoni, yenye tundu la kuingia harage. Akaifunga kwenye kitambaa, akamwambia Paskazia, “Ni mafuta mabaya.” Na alipoijenga injini upya, akairudisha cheche pale pale, maana kuifunga tofauti kungekuwa sawa na kukiri.

Sasa kuna kitu kilikuwa kinamsahihisha.

Mchana huo alifunga milango ya gereji, kwa sababu taa ya taimingi haionekani vizuri palipo na jua. Taa ile humulika kila cheche inaporuka, na puli inayozunguka kwa kasi huonekana imesimama tuli. Akawasha injini, akainama. Kwanza akasikia harufu ya ganda la chungwa. Joshua alikuwa akisugua mikono kwa ganda la chungwa kila jioni, mama yake asisikie petroli. Kisha injini ikabadili sauti yenyewe, ule mgongano mdogo wa chuma ndani yake ukanyamaza, na katika mwanga ule unaokatika na kurudi, unaokatika na kurudi, Masudi akaona juu ya distributa mkono wa mtu, umetulia kama puli ilivyotulia, wenye nusu kucha kwenye kidole cha shahada, ile kucha ya Joshua iliyoliwa na mkanda wa feni mbele ya macho ya Masudi mwaka juzi, na mwanga ulipokatika mkono haukuwepo, na uliporudi ulikuwepo, ukizungusha polepole, kwa subira, kama anayemgeuza mtoto aliyelala vibaya.

Alitoka nje bila kuzima injini.

Bi Joha, mganga wa mtaa ule, alimsikiliza mpaka mwisho.

“Nimeshatoa majini kwenye mashine ya kusaga,” alisema, “na kwenye cherehani. Gari bado. Linatumia dizeli?”

“Petroli, bibi.”

“Afadhali. Dizeli inaniumiza kichwa. Sasa hicho kitu kinaharibu nini?”

“Hakiharibu, bibi. Kinatengeneza.”

Bi Joha akaacha kutabasamu. “Basi kuna aliyeharibu.”

Masudi alitazama chini. “Ni yeye, au ni jini limevaa mkono wake?”

“Sijui. Majini huvaa waliotutoka ili tuyafungulie mlango. Na waliotutoka nao wana ya kwao. Ila sifukuzi kitu kabla hakijasikilizwa. Mwite mama yake. Umwambie.”

Jumamosi Paskazia alikuja gereji amejifunga kanga juu ya gauni la kazi. Bi Joha alikuwa ameshatangulia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, fundi. Limepona?”

Masudi alikifungua kitambaa, akamwekea pistoni mkononi. “Hayakuwa mafuta, mama. Ni mimi. Niliwahisha cheche. Nilijua tangu siku niliyoifungua injini.”

Paskazia akaingiza ncha ya kidole kwenye tundu.

“Kwenye arobaini ulikaa mkeka wa mbele.”

“Ndiyo, mama.”

“Miezi minane, kila nikipita kile kituo alichojaza mafuta, namlaani yule baba mwenye nacho. Ana watoto yule.” Hakupaza sauti, na Masudi alitamani angepaza. “Nioneshe.”

Milango ikafungwa. Injini ikawaka, harufu ya chungwa ikajaa, na mkono ukaja. Paskazia aliutazama kila mwanga uliporudi.

“Kucha yake,” alinong’ona. “Bibi, nikilipeleka nyumbani, nitamwona kila nikiliwasha?”

“Utauona mkono,” Bi Joha alijibu kwa sauti ya chini. “Mwaka huu mkono. Mwakani utataka na bega, kisha uso, na kitakachokupa uso hutakijua ni nani. Usikiite kwa jina. Ukikiita kitabaki.”

Injini iliunguruma laini kama Paskazia alivyotaka kuisikia, na machozi yake yalionekana na kupotea, yalionekana na kupotea.

Ndipo wakaamua. Aliye pale aambiwe kwamba amesikika, aage. Injini izimwe, isiwashwe tena na mtu yeyote. Bi Joha angesema maneno, Masudi angeng’oa waya mkubwa wa cheche.

“Hapana,” Paskazia alisema. “Nitafanya mimi.”

“Utapigwa shoti, mama.”

“Nimeshapigwa.”

Akaweka kiganja chake juu ya distributa, pale pale ulipokuwa ule mkono. “Fundi amesema,” alimwambia, bila kutaja jina. “Nimesikia. Kazi yako umemaliza, baba. Nenda.”

Akang’oa waya. Mkono wake ukaruka, lakini hakuuachia waya. Injini ikakohoa, ikanyamaza, na turbo ikavuta pumzi ndefu mpaka ikaisha. Taa haikuwa na cheche tena ya kuiamsha, lakini ikamulika mara moja zaidi mkononi mwa Masudi, na katika mwanga huo wote watatu waliona mkono mmoja tu, ulioshika waya, mkono wa Paskazia.