Kilichokuwa Miguuni pa Chui

Chui wa theluji alikutwa asubuhi juu ya mwamba wa Tarlung, amekufa, mkia wake mnene umemzunguka kama shali. Inspekta Rabgyas alipanda mpaka pale akihema. Alipomfikia akavua kofia, wala hakujua kama ameivua.

Alizaliwa Ladakh, huku kaskazini mwa India, akazeekea Ladakh, na chui wa aina hiyo hajawahi kumwona. Babu yake alimwona mara moja tu, akaishi akisimulia mpaka akafa. Leo mjukuu amemwona, naye ni maiti. Manyoya yake yalikuwa na rangi ya moshi na mawe, na upepo ulipopita juu yake ungedhani anapumua.

"Hana jeraha," alisema daktari wa mifugo akiwa amepiga magoti. "Povu mdomoni, kucha zimekwaruza mwamba. Ni sumu, Inspekta. Nyama ile pale imetiwa dawa. Nitachukua sampuli ya tumbo, lakini pua yangu imeshaniambia. Ni dawa ya kupulizia miaprikoti."

"Dawa hiyo anayo nani?"

"Kila nyumba yenye mti."

"Ngozi?"

"Haijaguswa."

"Watoto wake?"

Koplo Otsal ndiye aliyeonyesha kwa kidole. Mlangoni pa pango palikuwa na nyayo ndogo ndogo za watoto wa chui, na juu yake nyayo za kiatu. Kiatu kiliingia pangoni, kikatoka. Pango lilikuwa tupu.

"Wamechukuliwa wote wawili, afande. Hii ni kazi ya majangili."

"Watoto wana umri gani, Daktari?"

"Miezi miwili na kidogo. Wasipopata maziwa au nyama laini hawafiki keshokutwa."

Inspekta alivaa kofia yake. Sasa hakuwa na maiti peke yake. Alikuwa na roho mbili za kuokoa.

"Otsal, jangili gani anaacha ngozi? Hiyo ni sawa na mwizi avunje duka la sonara, aibe ufagio."

"Labda alikuwa na haraka."

"Mwenye haraka hasimami kusali. Tazama kule."

Hatua chache juu ya pango palikuwa na madhabahu ya mungu wa mlima, mnara mdogo wa mawe uliopakwa chokaa, juu yake matawi ya mreteni na pembe kuukuu. Skafu za baraka zilizofungwa hapo zilikuwa zimechakaa, zimekuwa kijivu. Moja tu ilikuwa nyeupe, mpya, fundo lake bado limekaza.

"Anaua, halafu anamsalimia mungu?" Otsal alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Mgeni angeona mawe tu, akapita. Huyu hakuweza kupita mikono mitupu, hata kwa safari ile." Inspekta aliitazama skafu ikipepea. "Ni wetu, Otsal. Ni mtu aliyelelewa hapa."

Wakashuka kijijini.

Chui yule alikuwa maarufu. Spalzes, msichana wa kijiji cha Tarlung anayeongoza wageni milimani, alikuwa na mazoea ya kuwaonyesha watu picha za safari zake kwenye simu: ziwa linapopambazuka, mbuzi mwitu ukingoni mwa genge, tai juu ya mawingu. Kisha kiangazi hiki akampata chui na watoto wake wawili wakila, mama kainua kichwa anamtazama mpigaji. Picha ikaenda. Watu wa nchi ambazo Tarlung hawajui hata kuzitaja wakaipenda, wakagawiana.

"Mke wangu kaiweka mbele ya simu yake," Otsal alisema njiani. "Mimi mumewe sijawahi kuwekwa."

"Ungekuwa na mkia ungewekwa."

Kwao Spalzes ni nyumba ya wageni. Msichana aliwapokea macho yamevimba.

"Uliwaambia watu chui yuko wapi?" Inspekta alianza kabla hajakaa.

"Naapa kwa Vito Vitatu vya dini yetu, Inspekta, sikutaja hata jina la bonde. Tulikubaliana kijiji kizima."

"Na ule mlima nyuma yake pichani?"

"Mlima sikuufikiria."

"Mtu wa hapa," Inspekta alisema, "ataujua mlima ule hata akiwa usingizini. Umegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu."

"Nani alimchukia chui?"

"Hakuna! Wageni wanakuja kwa sababu yake. Kila nyumba inapata." Alifuta machozi kwa kiganja, akamimina chai. "Mtanisamehe, leo ni chai kavu. Mama Thinles hajaleta maziwa tangu juzi."

"Mbuzi wake wamekauka?"

"Sidhani. Jana nimemwona akikamua."

Inspekta aliinua kikombe, kikabaki hewani. Kisha akanywa.

Ukutani palikuwa na picha ile, imechapishwa kubwa kama mlango. Aliinuka akaisogelea. Jamani, yale macho! Yalikuwa na rangi ya barafu inapopigwa na jua, na yalimtazama kana kwamba yeye ndiye mgeni duniani. Nyuma yake mlima ulisimama na theluji yake, mkubwa, umenyamaza. Sasa alielewa kwa nini dunia nzima ilisimama hapa na haikutazama pengine.

Akajilazimisha kutazama pengine. Akashuka, kutoka machoni mpaka miguuni.

"Spalzes. Wanakula nini?"

"Nani?"

"Chui. Hapa chini. Wanakula nini?"

"Mbuzi mwitu, nadhani. Sikuangalia."

"Mbuzi mwitu anavaa hereni?"

Spalzes alisogea. Kwenye sikio la kile kilicholiwa palikuwa na kishada cha sufu, nyekundu na njano. Aliweka mkono mdomoni.

Pale kila mtu anajua maana yake. Mbuzi mwenye sufu sikioni hauzwi wala hachinjwi. Ameachiliwa huru kwa ajili ya roho ya mtu aliyekufa.

"Wa nani huyu?"

"Wa Thinles," alisema Spalzes, sauti imekatika. "Tulisoma pamoja. Mwaka juzi barafu ya mto ilipasuka akiwa juu yake. Mama yake akamwachilia mbuzi huyu. Mimi... mimi nilikuwa namlisha chumvi mkononi. Inspekta, mama yake ndiye anayetuletea maziwa. Anapita hapa kila asubuhi!"

Mama Thinles alikuwa amekaa kizingitini, anasokota sufu. Aliwaona wakija wote watatu, naye hakuinuka.

"Julley, Mama," Inspekta alimsalimu.

"Julley, Inspekta. Karibuni. Maziwa sina."

"Najua. Nimekuja kuuliza yanakwenda wapi."

Mama alicheka bila sauti. "Wametuma mtu mwenye akili safari hii."

"Skafu kule juu ni yako?"

"Ni ya msiba wa mwanangu. Waliniletea nyingi."

"Na dawa?"

"Ya miaprikoti yangu."

"Kwa nini, Mama?"

Aliendelea kusokota. "Mwili wa Thinles haukupatikana. Mto uliuchukua chini ya barafu. Nikabaki na mbuzi. Nilimwita jina la mwanangu, akaitika. Alipopotea nilisema, chui naye ana watoto, mlima ni wake. Nikalia, nikanyamaza. Sikuwa na ugomvi na chui, uniandikie hivyo."

"Kisha?"

"Kisha naingia kwa Spalzes na ndoo yangu, namkuta ukutani. Mkubwa namna ile. Ameliwa nusu. Wageni wamesimama mbele yake wanasema, uzuri gani! Wakaniambia, Mama, hebu simama hapo pembeni na ndoo yako, tukupige picha. Nikasimama. Wakanipiga."

Koplo Otsal aligeuka akatazama ukuta.

"Kesho yake vile vile. Na kesho yake. Nikafikiri, huyu chui akifa, wataishusha picha."

"Mama," Spalzes alisema, "mbona hukuniambia? Ningeitoa siku ile ile."

"Nilingoja uone mwenyewe, binti yangu. Alikula chumvi mkononi mwako. Nikasema, kama Spalzes hakumwona, nani mwingine atamwona?"

Hapo ndipo iliposikika sauti kutoka zizini, nyembamba, ya kudai. Mama akaitupa pia yake ya kusokotea na kuinuka upesi, kama mama yeyote anavyoinuka.

Nyuma ya mbuzi, ndani ya kapu la mgongoni lililojazwa sufu, walikuwemo wote wawili. Mmoja alikuwa na povu la maziwa puani. Walimtazama Inspekta kwa macho yale yale ya barafu, makubwa kuliko nyuso zao. Mzee wa watu alishika nguzo ya zizi. Babu yake alimwona mmoja, tena kwa mbali.

"Nilirudi kuhakikisha amekufa, nikaingia pangoni," Mama alisema taratibu. "Wakanifuata wenyewe. Wakanivuta gauni. Walikuwa wanamlilia mama yao, na kilio cha namna hiyo mimi nakijua. Ningewaachaje?"

Kwa mazoea tu, Spalzes alikuwa ameshatoa simu. Ameinyanyua. Mama Thinles akamtazama. Simu ikashuka.

"Sheria lazima ichukue mkondo wake, Mama," Inspekta alisema.

"Najua. Ngoja kwanza wamalize kunywa."

Wakangoja.

Daktari aliwachukua watoto wa chui siku hiyo hiyo, na Mama Thinles akaingia kwenye gari la polisi na skafu shingoni, aliyovalishwa na Spalzes. Jioni msichana aliishusha picha ukutani, akaichoma. Kwenye simu akaifuta pia, na maneno yote aliyoandikiwa.

Lakini nyinyi mlio na vijana wenye simu, waambieni watazame mpaka chini kabla hawajatuma, maana kilichotumwa hakiitiki ukikiita. Picha ile bado iko kwa watu, maelfu kwa maelfu, huko ambako Spalzes hawezi kufika kubisha hodi. Asubuhi yake tu alipata salamu kutoka kwa mtu asiyemjua: uzuri gani!

Na huko kote yule mbuzi bado analiwa.