Nyama ya Bata Mzinga Iliyowekwa Juani

Nyumbani kwetu siku huanza na unga. Mama ni muoka mikate, na kabla sijapiga mswaki bakuli la unga uliokandwa na hamira huwa tayari liko dirishani, limefunikwa kitambaa. Jua likiwa kali, unga huumuka haraka. Nililijua hilo kabla sijaanza darasa la kwanza, na nilijivunia kulijua.

Jumamosi ile niliamka nimenuna. Bibi, mama yake Mama, alikuwa anatoka hospitali baada ya wiki tatu. Alikuwa amepasuliwa tumbo na amekonda mpaka pete inamtoka kidoleni. Ombi lake lilikuwa moja tu, nyama ya bata mzinga iliyolowekwa viungo na kuokwa kwenye oveni ya Mama. Mama alinunua vipande sita, mapaja na mabawa. Nilifurahi kama wenzangu, mpaka niliposikia kwamba Dada ndiye atakayekwenda kumchukua Bibi, na mimi nibaki kuangalia nyama. Kuangalia nyama, kana kwamba ingekimbia.

Mama alivichanja vipande kwa kisu, akavisugua chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga, kisha akavimiminia mtindi na maji ya limau. Kazi yangu ilikuwa kulitoa bakuli kwenye friji kila baada ya saa moja, nigeuze vipande ili viungo viingie pande zote, nilirudishe palepale, ninawe mikono kwa sabuni. Mama alikuwa anakwenda kuuza mikate, angerudi saa nane mchana kuoka. Alisisitiza kwamba ni kila saa moja, si kila nitakapojisikia.

Saa nne timu yetu ya netiboli ilikuwa inacheza uwanja wa nyuma ya shule, na mfungaji ni mimi. Nilimwambia Mama hivyo. Akajibu kwamba mechi ziko nyingi na Bibi ni mmoja. Masikio yaliniwaka moto kwa hasira. Walipoondoka niliubamiza mlango wa friji, kisha ikanibidi niufungue tena nigeuze nyama kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo mpaka leo linaniudhi. Kama jua linaharakisha unga, si litaharakisha na viungo? Nyama ingelainika yenyewe, na hakuna haja ya mtu kukaa kuigeuza. Nililifunika bakuli kwa kitambaa, nikaliweka dirishani mahali pa unga, nikavaa raba na kutoka mbio.

Tulifungwa mabao kumi na manne kwa sita. Nilirudi saa saba na nusu nimekasirika kuliko nilivyotoka. Bakuli lilikuwa na joto mkononi. Nililifunua nikanusa, likanukia limau na kitunguu saumu tu, nikajiambia halina neno. Nikalirudisha kwenye friji, halafu nikafuta dirisha. Kama kweli niliamini sijakosea, sijui dirisha nilikuwa nalifuta kwa nini.

Bibi aliingia polepole, ameshika bega la Dada, huku akiulaumu uji wa hospitali. Mama aliporudi hakukaa hata kidogo. Aliwasha oveni, akalitoa bakuli, akasimama nalo.

"Mbona halina ubaridi?" aliniuliza.

"Nimetoka kugeuza sasa hivi," nilijibu.

Akaniamini, akapanga vipande kwenye trei.

Nyama ikiwa kwenye oveni, Dada alituketisha mezani akatusomea karatasi aliyopewa na muuguzi. Kidonda cha Bibi hakijapona ndani, na ugonjwa wa tumbo ambao sisi tungeumaliza kwa siku mbili ungeweza kumrudisha kwenye chumba cha upasuaji. Nyama mbichi iliyokaa kwenye joto zaidi ya saa mbili itupwe, hata kama imepikwa, kwa kuwa vijidudu vinaweza kuacha sumu ambayo moto hauiondoi.

Nilihesabu. Yangu ilikuwa imekaa juani zaidi ya saa tatu. Nilimkasirikia Dada kwa kusoma kwa sauti. Nilimkasirikia muuguzi ambaye sijawahi kumwona. Nilimkasirikia kila mtu isipokuwa mwenye kosa, maana huyo nilikuwa namwogopa.

Mama akaleta trei. Nyama ilikuwa na rangi nzuri ya kahawia na harufu iliyojaa nyumba nzima. Bibi alipewa paja kubwa kuliko yote. Akalipuliza, akafungua mdomo, nami nikaikamata sahani yake.

"Bibi, usile."

Naye hakuachia. Tulivutana mimi na mgonjwa mbele ya watu wote, na mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko nilivyotarajia. Aliuliza kama mtoto huyu ameingiwa na wazimu. Ndipo nikasema yote, jua, mechi na uongo, haraka haraka kabla ulimi haujagoma.

Mama hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alikusanya vipande vyote sita na mchuzi wake, akaenda kuvitupa kwenye pipa la nje. Aliyefoka ni Bibi. Alisema wiki tatu amekunywa uji akiliota paja lile, na sasa apewe chakula, chochote, tena upesi. Mama alimkaangia mayai mawili na kumkatia mkate. Bibi alikula kwa hasira, anatafuna huku ananikazia macho, akamaliza sahani yote. Dada alininong'oneza kwamba hospitalini walikuwa wakimbembeleza amalize hata nusu bakuli.

Mimi nilikuwa jikoni nasugua bakuli, meza na dirisha kwa maji ya moto na sabuni. Mama akaja akasimama karibu yangu.

"Kosa la jua tugawane," alisema. "Nilikufundisha unga, nyama sikukufundisha. Asiyejua anaelekezwa, yanakwisha. Lakini nilipokuuliza mbona bakuli halina ubaridi, jibu ulikuwa nalo. Ukanificha, nikampikia mama yangu sumu kwa mikono yangu, nikidhani namtunza."

Nilimwomba msamaha.

"Nimekukasirikia, na kesho nitaamka bado nimekukasirika. Utavumilia. Hasira yangu haijamuua mtu, mwanangu. Ukikosea, niambie mapema, wakati hasira ndiyo hasara pekee."

Nilitikisa kichwa kukubali nikaendelea kusugua. Kutoka sebuleni Bibi akauliza, bado kwa ukali, kama kuna yai jingine. Mama alinitazama, uso ameukunja vilevile.

"Nawa mikono," alisema, "umkaangie Bibi yako."