Masomo ya Gari la Hatem

Kila asubuhi Khattab alisimama nje ya nyumba yao mtaani Mawaleh, kanzu imenyooka kwa pasi ya mama yake, akimngoja rafiki yake Hatem. Hatem akifika hasalimu wala hashuki. Hupiga honi tu mpaka majirani wachungulie madirishani. Khattab hujitupa kiti cha mbele kama waziri, nao huenda zao chuoni.

Hatem alikuwa amerudia mwaka wa kwanza mara mbili, lakini ushauri haukumwishia. Wakati wa kuchagua masomo ulipofika, wanafunzi wapya walitakiwa kumwona Bi Kheiria, mshauri wa masomo.

"Unakwenda kufanya nini kwa bibi yule?" Hatem alisema kwa dharau. "Mshauri ni wa watoto wasiojua kusoma. Chagua ninayochagua mimi, twende pamoja, turudi pamoja."

Tangu utotoni Khattab alitaka kuwa fundi wa ndege. Hatem alisoma biashara. Hata mtoto wa chekechea angeona kwamba njia zao ni mbalimbali. Lakini bwana mkubwa Khattab apande basi? Thubutu! Akaacha hesabu, kwa kuwa ilisomeshwa asubuhi mapema, Hatem akiwa bado anakoroma. Bi Kheiria alipompigia simu, hakuipokea. Alimwonyesha Hatem ile simu ikilia, wakacheka wawili wale, wapumbavu wasiojijua.

Siku chache baadaye binamu yake, Manal, alimkuta mkahawani.

"Mbona hatukuoni darasa la hesabu?" aliuliza. "Bila hesabu muhula huu, mwakani huingii karakana ya ndege. Na kubadilisha masomo mwisho leo!"

Khattab aliiacha sambusa yake mezani. Akamkimbilia Hatem.

"Basi soma biashara," Hatem alijibu, macho kwenye simu. "Kwani ndege za babako?"

Khattab alimkodolea macho. Huyu ndiye aliyemkabidhi maisha yake! Alijionea aibu, akaenda mbio kwa Bi Kheiria.

"Ahaa, bwana asopokea simu! Karibu," alisema Bi Kheiria. "Haya, kwa nini uliacha hesabu?"

Khattab alitamani kudanganya, ila uongo wenyewe hakuupata. "Hatem ana gari, Ustadha."

"Kumbe hukuchagua masomo, umechagua kiti cha gari! Mimi nna wanafunzi wanaotoka mji wa Sib kwa basi kabla jua halijachomoza. Wewe una nini kuwashinda?"

"Sina kitu, Ustadha. Nilikucheka. Nisamehe, nataka kusoma hesabu."

Bi Kheiria alimpigia simu mwalimu wa hesabu. Walibishana kwa Kiarabu. Darasa limejaa, alisema mwalimu. Bi Kheiria hakukubali, akabembeleza mpaka akapata nafasi.

"Amekuchukua," alisema, akiweka simu chini. "Yaliyokupita utayasoma mwenyewe. Na ukichelewa hakufungulii mlango."

"Ahsante sana, Ustadha."

"Usinishukuru, nisikilize. Kuuliza anayejua si aibu. Aibu ni kumwachia mvivu akuamulie maisha, eti kwa kuwa gari lake lina kiyoyozi. Yeye mwenyewe hajui anakokwenda, wewe atakufikisha wapi? Sasa ondoka, kitabu cha hesabu kipo maktaba, na maktaba inakaribia kufungwa."