Rimoti ya Winchi Imebaki Kibera

"Muchiri, mulika hapa. Si hapo! Unamulika goti langu."

"Ni goti poa."

"Mulika waya, kijana ya watu."

Nelima alikuwa amelala chali chini ya bampa la Land Rover ya kijani, katika ua wa ploti ya Mzee Thuo, Kawangware. Nelima ni fundi wa umeme wa magari, mkaazi wa Kambi Muru, Kibera. Muchiri ni mwana wa Mzee Thuo, na kwa karibu mwaka mzima amekuwa mpenzi wa fundi. Siri hiyo ilijulikana na watu wawili tu duniani, na siku hiyo wote wawili walikuwa kwenye bampa moja.

"Si ulisema leo unamwambia babako?"

"Nitamwambia."

"Umenileta hapa ukasema, 'Baba, huyu ndiye fundi.' Fundi, Muchiri?"

"Si wewe ni fundi?"

"Na wewe ni spana?"

"Pole pole, Nelima. Mzee akupende kwa kazi kwanza. Na wewe je, umeshamwambia mamako kunihusu?"

"Hiyo ni story tofauti."

Mzee Thuo akatokea, mikono nyuma, akainama kuikagua winchi, mashine ya kulivuta gari kwa kebo, kama jaji anayekagua ng'ombe wa maonyesho.

"Fundi, hii kitu itatutoa kwa matope ya Kinangop kweli?"

"Itawatoa, Mzee. Hata mkizama hadi milango."

"Wewe ni msichana wa kazi. Muchiri, tafutia huyu msichana bwana mzuri."

Muchiri akakohoa kikohozi kirefu, cha mtu aliyemeza nati.

"Na rimoti iko wapi nijaribu?"

"Iko kwa mfuko yangu, Mzee, na haitoki hadi kazi iishe. Saa hii vidole vyangu viko karibu na kebo."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Nelima. Mtu mmoja mwenye shauku akibonyeza rimoti kabla ya wakati, fundi anaenda nyumbani na vidole vichache. Kwa hivyo rimoti hulala ndani ya ovaroli yake, na hakuna ombi wala machozi ya kuitoa humo.

Mzee akaenda zake. Muchiri akamwachia Nelima simu ya kumulikia, akaenda kutafuta spana ndogo. Simu ikatetemeka. Ujumbe ukajileta wenyewe juu ya kioo:

*Beth: Mum ameshachagua mbuzi. Jumamosi mje mapema na wazee, barabara yetu ni matope tu. Mwambie babako asisahau winch 😍*

Nelima aliusoma mara moja, kisha akaitazama winchi. Alikuwa ameifunga kwa mikono yake. Alikuwa ameivutia nyaya mbili nene kutoka kwenye betri, nyekundu na nyeusi, akazibana vizuri zisisuguane na chuma. Kazi safi kabisa ya kumfikisha mpenzi wake kwa mke mwingine.

Muchiri akarudi na spana.

"Beth ni nani?"

Spana ikaanguka.

"Nelima, skiza. Hiyo ni mambo ya Mzee. Amepanga ndoa na babake Beth, rafiki yake wa kanisa. Mimi nimekuwa nikitafuta njia ya kumwambia..."

"Njia unayo. Nimekuwekea winchi."

Akaiokota spana, akazikaza bolti za chini zilizobaki, akakusanya vifaa vyake, akaondoka bila kufanya majaribio, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya tangu ajue kushika spana.

Jioni simu yake haikunyamaza.

*Nelima shika simu.*

*Nitarekebisha. Nipe hadi Jumamosi.*

*Tafadhali.*

Akajibu mara moja tu: *Kazi imeisha. Ya gari na yetu.*

Jumamosi Nelima hakutulia. Alitembea hadi Soko la Toi, akashika rinda, akalirudisha, akarudi nyumbani, akakumbuka hakununua chochote, akarudi tena sokoni, akashika rinda lile lile. Muuzaji akamuuliza kama anataka kulinunua au kulipima joto. Mwishowe akaamua kufua ovaroli. Alipotaka kuitumbukiza kwenye beseni, kitu kigumu kikagonga ukingo.

Akatia mkono mfukoni. Rimoti.

Simu ikalia papo hapo.

"Fundi! Winchi imekataa!"

"Imekataa aje, Mzee?"

"Haina rimoti! Tumepindua gari yote! Wazee wako na suti kwa matope, na kijana tunamwombea mke amekaa huko nyuma amenuna kama kiboko!"

"Mzee... rimoti iko na mimi."

"Wapi?"

"Kibera."

Ndani ya gari mbuzi wa posa akalia, kwa niaba ya wazee wote.

Nelima angeweza kukata simu. Matope yangemaliza kazi, na hakuna mtu angemlaumu. Akaitazama rimoti, akaiweka mezani, akaichukua tena.

"Winchi inaweza kuvuta bila rimoti, Mzee. Mpe Muchiri simu. Weka loudspeaker."

"Niko," sauti ya Muchiri ikasema, ndogo sana.

"Kebo mmeifunga wapi?"

"Kwa mti. Mbele, karibu na geti ya kina Beth."

"Sawa. Fungua kile kisanduku juu ya winchi. Kuna waya mwembamba mwekundu. Uchomoe."

"Nimechomoa."

"Unaona vichwa viwili vya shaba? Ukigusisha waya kwa cha kushoto, winchi inavuta, unafika kwa kina Beth. Ukigusisha cha kulia, kebo inalegea na hamwendi popote. Gusa."

"Nelima..."

"Mimi ni fundi tu. Gusa."

Winchi haikuvuta.

"Gusa, kijana!" Mzee Thuo akafoka. "Gari inazama!"

"Baba, sigusi."

"Unaogopa stima?"

"Siogopi stima. Huyu fundi ndiye msichana wangu. Nilikuogopa wewe."

"Fundi gani?"

"Huyu uliniambia nimtafutie bwana mzuri."

Mzee mmoja akacheka, akageuza kicheko kuwa chafya. Kisha sauti ya Mzee Thuo ikaja karibu na simu.

"Fundi, uko hapo?"

"Niko, Mzee."

"Ulijua tunaenda wapi ukifunga hii winchi?"

"Nilijua nikikaribia kumaliza."

"Na ukaikaza?"

"Nikaikaza."

"Hata bolti za chini?"

"Hata za chini."

Mzee akavuta pumzi. "Ngai, Mungu wangu. Muchiri, gusa hiyo ya kushoto."

"Baba, si nimesema..."

"Nimesikia umesema! Tunafika kwa watu, na utamwambia Beth na babake hivyo hivyo, na mdomo yako. Sitatoroka kwa matope kama mwizi wa kuku. Gusa!"

Nelima akasikia winchi ikinguruma, nzito, bila kukwama. Kisha laini ikakatika, naye akabaki akizunguka chumba hadi mamake, Sella, akamuuliza kama kuna panya.

Jumapili alasiri mlango ukabishwa. Mzee Thuo alikuwa amesimama nje akiwa na gambuti miguuni. Land Rover alikuwa ameiacha barabarani, Makina, kwa sababu kichochoro hakikuitosha. Nyuma yake alisimama Muchiri, amejaa aibu hadi masikioni.

"Mama, nimekuja kuchukua rimoti yangu," Mzee akamwambia Sella akivua kofia. "Na huyu kijana ana neno. Jana alisema moja kwa kina Beth. Msichana alimwangalia, akafunga mlango. Wengine walitupatia chai, lakini haikuwa na sukari."

Muchiri akasogea mbele. "Mama, mimi naitwa Muchiri, na..."

"Nakujua," Sella akasema. "Wewe ndiye kastoma."

"Kastoma?"

"Yule hupigia Nelima kila jioni, mwaka mzima. Nikiuliza, naambiwa ni kastoma anasumbuliwa na betri. Nikashangaa, hiyo ni betri ya aina gani?"

Muchiri akamgeukia Nelima polepole. Nelima alikuwa anaichunguza rimoti kana kwamba ilitengenezwa jana.

"Nelima. Kastoma?"

"Si na wewe uliniita fundi!"

"Lakini mimi nilisema ukweli jana. Mbele ya wazee na mbuzi."

Mzee Thuo akakunja mikono, akangoja. Sella pia akangoja. Nelima akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Mama, si kastoma. Ni mtu wangu. Nilikuogopa wewe."

"Na betri?"

"Haijawahi kuwa na shida."

Sella akawatazama wote wawili kwa zamu, akavuta stuli. "Mmesumbua watu wazima. Kaeni."

Mzee Thuo akanyoosha mkono. "Basi nipe rimoti yangu."

Nelima akaitia mfukoni.

"Haitoki hadi kazi iishe, Mzee. Mkirudi hapa na wazee na mbuzi, nitakupa."

"Na nikikwama njiani?"

"Utanipigia."

Mzee akamtazama mwanawe, akautazama ule mfuko wa fundi, akaketi. Sella akamimina chai, na hii ilikuwa na sukari.